Meno Yaliyolazwa Kabatini

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya kioo. Suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa, daftari liko kwapani, na mdomoni sina hata jino moja.

Kwa msomaji aliyetufikia leo, nieleze kwa haraka. Mimi ni fundi viatu. Nina miaka sabini na mmoja. Kusoma nilikuanzia ukubwani, darasa la jioni, na haya unayoyasoma nimeyaandika mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu.

Mke wangu wa kwanza aliondoka miaka ishirini na miwili iliyopita. Aliondoka na binti yetu mkono mmoja na begi mkono wa pili, na miguuni alikuwa amevaa viatu vyangu vyeusi, vile nilivyojishonea kwa ajili ya harusi yetu. Msiba huo niliusimulia katika sehemu ya pili, na wengi wenu mliniandikia kunipa pole. Mmoja alinitumia hata kopo la dawa ya viatu.

Miaka mitatu iliyopita nikaoa tena. Nilioa nesi mstaafu, na mtaa mzima ulinipongeza. "Fundi, umepata mke na zahanati kwa mpigo mmoja."

Zahanati niliipata kweli. Ina kabati jeupe lenye kufuli, na ufunguo wake hukaa mfukoni mwa gauni la mke wangu. Ndani mna dawa zangu za presha. Mna simu yangu, kwa sababu simu ina mionzi na mionzi haifai kwa mzee. Na kwa siku kumi na moja sasa mna meno yangu ya bandia, ya juu na ya chini, yamelazwa ndani ya glasi ya maji.

"Meno yako yanapumzika, mzee wangu," aliniambia.

"Yamechoshwa na nini?"

"Na maneno."

Nikiomba niende darasani, yanapumzika. Nikiomba niende kumtafuta binti yangu, ambaye nimeambiwa hajanipigia simu miezi minane, ndiyo kwanza yamewekewa dawa mpya. Anajua udhaifu wangu. Anajua mimi ni mtu wa heshima zangu, na heshima zangu hazitoki nje bila meno.

Hilo la binti ndilo lililokuwa likiniuma. Ufizi huzoea. Mtoto mmoja uliye naye akikunyamazia miezi minane, hilo halizoeleki.

Basi siku hiyo Nesi alikwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili. Aliniacha na uji na onyo. Nilikunywa uji, onyo nikaliacha mezani. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakishika mdomoni kama mtu mwenye mafua makali, nikatoka.

Darasa letu huanza saa kumi jioni. Tuko wanafunzi kumi na wanne, na kiti changu ni cha mbele. Msinione najivuna, ndivyo lilivyo.

"Profesa amefufuka," akasema Kinyozi, anayekaa kiti cha pembeni yangu na ambaye hajawahi kumaliza zoezi tangu tuanze. "Tulishaanza kuchanga."

Nikaonyesha koo kwa kidole.

"Spika imezima," Kinyozi akawatangazia wenzake. "Leo tutapumua."

Mwalimu wetu ni mwanamke kijana, umri wa kuwa mjukuu wangu. "Ni koo, mzee?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Mimi sikusema uongo. Kichwa ndicho kilichosema.

Somo lilikuwa ukatili kati ya wapenzi na wanandoa, na lilikuwa wiki yake ya tatu. Mwalimu alisimama ubaoni na chaki. "Nikumbusheni. Ukatili nyumbani ni nini?"

"Kumpiga mke," akasema Kinyozi.

"Na kingine?"

"Kumpiga mke sana."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni, pole pole, mambo ambayo mimi nilikuwa nayo tayari kwenye daftari, yamepigiwa mstari kwa rula. Kupiga, ndiyo. Maneno ya kumdunisha mtu mpaka ajione si kitu. Kumlazimisha mwenzako faraghani. Kumshikia pesa zake zote. Kupekua na kuficha simu yake. Kumtenga na ndugu zake. Kumnyima kitu anachohitaji ili asiweze kutoka nyumbani.

"Wiki mbili zilizopita niliwapa kazi," akasema. "Mfano mmoja kutoka mtaani kwenu, bila majina. Nani ameandika?"

Watu wakaanza kutazama madirisha. Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea kwangu kama kawaida, maana daftari langu ndilo husomwa kwa darasa.

Sasa, wasomaji wangu, nilikuwa nimefanya ujanja. Niliandika habari zangu mwenyewe, ila nikazivalisha nguo za mtu mwingine. Mimi nikawa mwanamke, mshona nguo. Meno yakawa miwani. Mke wangu akawa mume, daktari mstaafu. Nilijiona nimewazidi akili waandishi wote.

Mwalimu akasoma kwa sauti:

"Mume huyu hampigi mke wake wala hamtukani. Mke akitaka kutoka, mume humwambia macho yake yanahitaji kupumzika, kisha huifungia miwani kabatini. Simu ya mke huipokea yeye. Watu wakija huambiwa amelala. Mke akilalamika huulizwa kwa upole, ni nani mwingine angekuvumilia? Majirani husema mama huyu amepata mume anayejali."

Darasa likawaka.

"Huyo mume aletwe dukani kwangu," akasema Kinyozi. "Nitamnyoa bila maji."

"Kwa hiyo ni ukatili?" Mwalimu akauliza. "Hajapiga mtu."

"Mbaya zaidi. Kofi lina alama, unakwenda nalo kushtaki. Miwani utashtaki nini? Utamwambia askari, mume wangu ananipumzisha macho?"

Nilimtazama Kinyozi kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuwa nayo kwake. Kumbe ana kichwa, ila ni kichwa kisichomaliza mazoezi.

"Vizuri," akasema Mwalimu. "Tugeuze. Mwenye miwani ni mume. Mwenye ufunguo ni mke."

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa madirisha.

"Mwanamume mzima?" Kinyozi alikuwa anajipiga mapaja. "Anafichiwa miwani kama mtoto wa chekechea? Huyo anyimwe na uji."

"Avunje kabati," akasema mwingine kutoka nyuma.

"Kabati atalionaje, na miwani hana?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi, nikaona nikibaki mkavu peke yangu watashuku. Nikaona nami nicheke. Nikacheka kiume, kichwa nyuma, mdomo wazi kabisa, na mkono wenye kitambaa nikapigia meza.

Kosa nililigundua kwa masikio. Kicheko kilianza kufa mbele, kikafa katikati, kikaishia nyuma. Mwisho nilibaki nacheka mimi tu.

"Profesa," Kinyozi akasema kwa sauti ndogo. "Meno yako yako wapi?"

Nikarudisha kitambaa mdomoni. Watu kumi na watatu waliangalia daftari mikononi mwa Mwalimu, kisha wakaniangalia mimi, kisha wakaliangalia tena daftari.

Mwalimu alilifunga, akaja mpaka kwenye kiti changu, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kazi nzuri, mzee," akasema. "Tisa juu ya kumi." Akarudi ubaoni, akawaambia wengine waandike, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kujadiliwa.

Hata katika aibu ile nilijiuliza ile moja imepotelea wapi. Niliielewa baadaye.

Wakati wa mapumziko Kinyozi alinifuata penye bomba la maji. Alisimama akilifungua na kulifunga bila kunywa.

"Kabati lenyewe la rangi gani?" akauliza.

"Jeupe."

"Nisamehe. Yale ya uji."

"Uji napewa. Sina malalamiko na uji."

"Kwa nini usilivunje kweli?"

"Ni kabati la dawa," nikasema. Bila meno maneno yangu yalitoka yameloa, lakini alinielewa. "Nikilivunja atasema nimechanganyikiwa. Mtaa utamwamini nani, nesi au mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini?"

"Hilo hata mimi sijaambiwa."

Kinyozi akafunga bomba. "Profesa, nikwambie kitu, na usinitoe macho. Binti yako na mumewe walikuja dukani mwezi uliopita. Mume nikamnyoa. Binti akaniuliza, eti Baba bado ana hasira na mimi?"

"Hasira gani?"

"Ndivyo anavyoambiwa akipiga simu. Kwamba hutaki kumsikia. Kwamba ukisikia jina lake presha inapanda."

Miezi minane nimemhukumu mtoto wangu kwa kimya ambacho hakikuwa chake.

"Wamehamia karibu na kiwanda cha matofali," akasema Kinyozi. "Mlango wa kijani. Pitia nyuma hapa, usipite njia kuu, utakutana na zahanati yako."

Nilipita nyuma.

Nilitembea kama mwendesha mashtaka anayekwenda kushinda kesi. Daftari kwapani, hoja zote zimepangwa. Binti yangu atasikia nilivyoteswa. Atalia. Atasema, pole Baba. Nilikuwa nimeshaandaa na jinsi ya kuipokea ile pole, kwa unyenyekevu kiasi.

Binti alifungua mlango mwenyewe. Macho yake yalikwenda mdomoni kabla hayajafika usoni.

"Baba. Nani amekuvua meno?"

"Wewe hukunipigia simu," nikasema, ingawa jibu nilishalipata bombani. Nilitaka tu nilisikie kwake.

"Nilipiga kila Jumapili. Nesi anasema umelala. Nikaja mara mbili, nikaambiwa nikiingia nitakuua." Akanishika mkono, akanivuta ndani kama anayeogopa nitabadilika kuwa moshi. "Ingia. Umekonda. Keti hapo."

Niliingia nikipangusa macho. Mimi ni fundi viatu, na nikifika kwa mtu kitu cha kwanza ninachokisoma ni viatu vilivyopangwa mlangoni. Hivyo hujua waliomo ndani kabla sijasalimiwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, niliingia bila kuangalia chini. Likumbukeni hilo.

Alinipa chai na mkate, nikauloweka. Jikoni palikuwa na mtu anakoroga chungu, nikadhani ni msaidizi. Nikamweleza binti yote: kabati, ufunguo, simu, mionzi, meno yanayopumzika. Alikuwa anafunga na kufungua ngumi mapajani.

"Huo ni ukatili, Baba. Unajua hivyo?"

"Najua?" Nilijisikia vizuri sana. "Nimeusomea." Nikampa daftari. Kuna maneno kwenye orodha yangu ambayo ufizi hauyawezi. "Soma mwenyewe. Yale yenye alama ya vema ndiyo ninayotendewa."

Akasoma kwa sauti, na mimi nikawa naitikia kwa kidole. Kupekua simu, vema. Kumtenga na ndugu, vema. Kumdunisha, vema. Akafika mstari wa mwisho.

"Kumnyima mwenzako kitu anachohitaji ili asiweze kutoka nyumbani."

Akausoma tena, safari hii kimoyomoyo, midomo inatembea.

"Haya umeandika wewe?"

"Kwa mkono wangu. Nimepata tisa."

Akaliweka daftari mezani. "Baba. Viatu vya Mama vilikuwa vinaharibika nini?"

"Viatu gani?"

"Vya Mama. Vya kahawia, vya bluu, na vile vya kamba. Vilikuwa vinaharibika nini?"

"Visigino," nikasema. "Mama yako alikuwa anakanyaga upande."

"Pea zote tatu? Kwa wakati mmoja?"

"Kazi zilikuwa nyingi karakana."

"Nilikuwa na miaka tisa. Mama ananituma karakana nikavichukue. Ninafika, ninakuamkia, ninakwambia Mama anaomba viatu vyake. Ulikuwa unanijibu nini?"

Nikaangalia chai.

"Baba, ulikuwa unanijibu nini?"

"Gundi haijakauka."

"Gundi haijakauka," akasema. Hakupandisha sauti. Kama angepandisha ningemjibu. "Mama anataka kwenda kwa dada yake, gundi haijakauka. Anataka kwenda kwenye kikao cha wazazi shuleni, gundi haijakauka. Bibi akaugua, wiki tatu, gundi haijakauka. Tulipofika tulikuta kaburi, Baba. Tulikwenda tukiwa tumeazima ndala kwa jirani."

"Mimi sikumpiga mama yako hata siku moja."

"Najua. Mama husema kofi majirani wangelisikia."

Nilikuwa nimeisikia hoja hiyo saa moja kabla, darasani, na nikaipenda sana.

"Nilimpenda," nikasema. "Nilitaka nikirudi nimkute nyumbani. Basi."

"Nesi naye anasema anakupenda."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti ni nini?"

Nikatafuta. Mimi ni mtu wa kufikiri, nina kamusi mbili nyumbani na vyeti vinne ukutani. Nikatafuta mpaka chai ikapoa. Tofauti niliyoipata ilikuwa moja tu: viatu huvaliwa miguuni, meno huvaliwa mdomoni. Nikaona nisiitaje.

Wasomaji wangu, hapa inabidi niwageukie.

Katika sehemu ya pili niliwaambia mke wangu aliondoka amevaa viatu vyangu. Ni kweli tupu. Nilichowanyima ni sentensi moja. Viatu vyake vyote vilikuwa karakana, juu ya rafu ya mwisho, vimefungwa pamoja kwa waya. Havikuwa na ubovu. Kisigino cha vile vya kahawia nilikibandua mimi mwenyewe kwa kisu ili kazi ionekane. Na gundi ninayotumia, mwulizeni fundi yeyote, hukauka kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Mlinipa pole zisizo zangu. Yule aliyenitumia kopo la dawa ya viatu, ajue sijalifungua. Nitalirudisha.

Na ile alama moja iliyopungua kwenye daftari, sasa niliiona ilikopotelea. Mwalimu aliiondoa bila kujua kosa lenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nalijua.

"Mama yako yuko wapi siku hizi?" nikamwuliza binti. Swali hilo sikuwahi kumwuliza miaka yote. Nilikuwa nangoja yeye aniambie.

"Baba, wewe si fundi viatu? Angalia mlangoni."

Nikageuka.

Palikuwa na pea nne. Raba za mkwe. Kandambili za binti. Vyangu vya siku hiyo. Na pea ya nne, vyeusi, vya kiume, namba tisa, mshono wa mistari miwili kwenye ncha ya kiatu ambao hapa mjini nashona mimi peke yangu. Soli zilikuwa zimebadilishwa mara tatu au nne, na fundi asiyejua kazi. Lakini ngozi ilikuwa imepakwa dawa na kusuguliwa, miaka ishirini na miwili, mpaka ungeweza kujitazama ndani yake. Juu yake palikuwa na vumbi la leo.

Jikoni mwiko uliacha kukoroga.

"Mwulize," ikasema sauti nyuma ya pazia la jikoni, sauti ileile, haikuzeeka hata kidogo, "kama gundi imekauka."

Nikasimama. Binti hakunisaidia kuinuka, na hakunizuia.

Nilikuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nalo la kweli. Nikafungua mdomo.

Mlango ukabishwa. Mara tatu, taratibu, kama nesi anavyobisha wodini, kisha ukafunguliwa kabla ya mtu kujibu.

Nesi alikuwa amesimama kizingitini na gauni lake safi. Mkononi ameshika glasi iliyofunikwa kwa kisahani. Ndani ya glasi meno yangu yalikuwa yanatabasamu kuliko wote waliokuwamo chumbani.

"Mzee wangu," akasema kwa ule upole wake. "Umenitia hofu. Nimekwenda mpaka darasani. Watu kumi na watatu, huyu ananielekeza huku, yule kule, na waliobaki eti hawakukuona. Bahati nzuri wengine wana huruma."

Sikutaka kumfikiria Kinyozi vibaya. Nikaahirisha.

"Nani aliyekuelekeza?" akauliza binti.

"Mwanangu, usipandishe sauti mbele ya baba yako. Ana presha." Akaingia hatua moja, juu ya viatu vilivyopangwa mlangoni, akaondoa kisahani. "Haya, njoo. Nimekuletea meno yako, yameshapumzika. Twende nyumbani nikuvalishe, kisha utaongea na yeyote unayemtaka. Huwezi kuongea na watu hivyo. Jiangalie."

Nilijiangalia. Koti lilikuwa na tone la chai. Kitambaa kilikuwa kimeanguka chini ya kiti. Siku kumi na moja nilikuwa nimeyaota meno yale, na sasa yalikuwa mbele yangu, urefu wa mkono mmoja. Kuyapata ilikuwa ni kusogea tu na kunyamaza.

Pazia la jikoni halikutikisika. Kulikuwa na mtu anangoja jibu pale kwa miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameshazoea kutolipata.

"Mzee wangu," akasema Nesi. "Usitie watu aibu."

Nikaupa mlango mgongo. Sikuziba mdomo kwa mkono. Nikasema kuelekea pazia, kwa ufizi mtupu, neno kwa neno, nikirudia pale lilipoteleza:

"Ilikauka siku ileile. Siku zote ilikuwa imekauka."

Binti alifunika uso kwa viganja. Nyuma yangu nilisikia kisahani kikirudishwa juu ya glasi.

"Sasa unaona," Nesi alimwambia binti. "Nilikwambia. Amekwishaanza kusema mambo yasiyoeleweka."

Pazia la jikoni likavutwa.

Alikuwa na mvi, amevaa aproni, mwiko mkononi unadondosha. Nilimtazama usoni nikingoja hukumu yangu. Hakunipa. Hakuniangalia kabisa. Macho yake yalinipita begani, yakashuka mpaka sakafuni, yakatua miguuni pa Nesi.

"Na huyu," akauliza, "aliyekanyaga viatu vyangu, ni nani?"